CK 14,600 baada ya vikaratasi viwili: je, ini la mdogo wangu limekufa?

Kuna dada wa Kigoma, Mwanga, kaniandikia ujumbe mrefu, naufupisha ili na wengine mfuate. Mdogo wake wa kiume ana miaka 22, yuko chuo Dar, kaja likizo na treni. Jumamosi usiku wakaenda ufukweni na wenzake, kuna jamaa alikuwa na vile vikaratasi vidogo vyenye picha wanavyoweka chini ya ulimi, kijana akaweka viwili. Anasema vilikuwa vichungu hatari, ulimi ukafa ganzi. Haikupita muda akaanza kukimbia mchangani anapiga kelele kwamba maji yanamfuata, akavua shati, akapigana na kila aliyemsogelea, mwishowe vijana na mlinzi wakamfunga mikono na miguu kwa kamba ya manila mpaka alfajiri. Hospitali wakamchoma sindano mbili za tako za kumtuliza, mchana wake akakojoa mkojo mweusi kama kola. Wakapima damu, karatasi ya kwanza inasema (hivi vitano vya mwanzo ni vimeng'enya, nitavieleza huko chini) CK 14,600, AST 412, ALT 118, ALP na GGT kawaida, bilirubini (ile rangi ya njano) kawaida, kreatinini (kipimo cha figo) 148. Siku mbili baadaye CK 6,900, AST 170, ALT 92, kreatinini 96. Dada anauliza: "Shikamoo daktari, mtu wa duka la dawa ameangalia karatasi akasema ini limekufa na dawa za njozi ndo zinaua ini, tununue dozi ya kusafisha. Ni kweli? Na baba anataka hii karatasi iwe ushahidi wa madawa. Na wenzake wanasema bora wangekula uyoga maana ni wa asili, huko Tabora si upo kibao?"

Marahaba dada, pole sana na poleni nyumbani. Kwanza mi siyo daktari wa wodini, ni mtu wa maabara ya kemia ya damu hapa Tabora, kwa hiyo nitakusomea karatasi, mambo ya dozi na dripu yabaki kwa daktari anayemuona mgonjwa kwa macho.

Nianze na linalokunyima usingizi. Kwa karatasi hizo mbili sioni ini lililokufa. Naona misuli iliyoumia vibaya, na figo zilizoanza kuelemewa zikawahiwa na dripu. Yule wa duka la dawa kaona AST na ALT zimepanda, na kwa sababu watu wengi wanaviita hivyo "vipimo vya ini" basi akahitimisha. Ni kosa la kawaida kabisa, hata mahospitalini linatokea, maana fomu nyingi zimeandika kwa herufi kubwa LIVA halafu chini yake AST na ALT, sasa mtu afanyeje.

Vimeng'enya hivi, au enzaimu kama tunavyosema maabara, kazi yake iko ndani ya chembe za mwili. Kwenye damu vinatakiwa viwe vichache tu. Vikiwa vingi maana yake kuna chembe zimepasuka mahali na vilivyomo ndani vimemwagika. Shida ni kwamba damu haikwambii vimetoka wapi. We wa Kigoma utanielewa: mfereji unaopita nyuma ya nyumba za watu ukiona umebeba magamba ya migebuka unajua kuna mtu anaparua samaki huko juu, ila nyumba ipi hujui mpaka uangalie na vingine vinavyoelea pamoja na hayo magamba.

Sasa tuangalie vinavyoelea. AST ipo kwenye ini, ipo kwenye misuli ya kawaida, ipo kwenye moyo, ipo hata kwenye chembe nyekundu za damu. ALT iko kwa wingi zaidi kwenye ini lakini misuli nayo inayo kiasi. GGT haitoki kwenye misuli. CK ndo kinyume, hiyo ni ya misuli, ini halina CK ya kuhesabika. Mdogo wako CK iko 14,600 wakati mwanaume wa kawaida anacheza kwenye mia moja mia mbili (na sisi watu weusi wengi wetu tunakuwa juu ya hapo kidogo bila ugonjwa wowote, maana viwango vilivyochapwa kwenye fomu nyingi vilitokana na kupima Wazungu, lakini hata ukimpa posho ya mia tano, elfu kumi na nne siyo utani). AST iko mara tatu na nusu ya ALT. GGT imetulia, bilirubini imetulia. Hiyo picha ni ya misuli. Kuna mtu atasema AST kuzidi ALT hivyo ni pombe, sawa, mlevi wa muda mrefu anakuwa na AST mara mbili ya ALT au zaidi, lakini yeye GGT yake inakuwa juu, AST yake mara chache inapita 300, na hana CK ya maelfu.

Ila kilichonishawishi kabisa ni karatasi ya pili, na ndo maana huwa naomba watu wasinitumie jibu moja. Kila kimeng'enya kina mwendo wake wa kuisha kwenye damu. AST nusu yake inaondoka ndani ya saa 17 hivi, CK kama siku moja na nusu, ALT inachelewa, karibu siku mbili nzima. Angalia sasa: ndani ya siku mbili AST imetoka 412 hadi 170, imeporomoka, CK imeshuka zaidi ya nusu, ALT imejivuta tu kutoka 118 hadi 92. Yani tukio lilikuwa moja, usiku ule, likaisha, sasa mwili unafagia. Ingekuwa ini linaendelea kuharibika ALT ingekuwa inapanda siku hadi siku na bilirubini ingeanza kuifuata nyuma, macho yangekuwa ya njano.

Na ule mkojo. Nimefurahi sana umenitumia na karatasi ya mkojo, watu huwa wanaitupa. Kile kijiti cha kupimia kimeonyesha damu +++, lakini yule aliyeangalia kwenye darubini kaandika chembe nyekundu 0 hadi 2. Inaonekana kama maabara wamejichanganya, kumbe hawajajichanganya hata kidogo. Kile kibox cha damu kwenye kijiti hakitambui chembe yenyewe, kinatambua ile sehemu ya rangi yenye madini ya chuma iliyomo ndani ya himoglobini, na mayoglobini ya misuli nayo inayo, kwa hiyo misuli ikipasuka mayoglobini inapita kwenye figo, kijiti kinabadilika kijani kibichi mpaka mwisho, halafu ukiweka mkojo kwenye darubini unakuta hakuna chembe. Huyo aliyekaa akaangalia darubini badala ya kukopi jibu la kijiti mpeni shukrani.

Kwa huku kwetu mkojo mweusi lazima kwanza ufikirie malaria kali, na pia watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, ambao chembe zao zinavunjika wakipewa dawa fulani. Hapo lakini ungekuta damu imepungua na bilirubini imepanda. Wake malaria ilikuwa hasi, HB 14, bilirubini kawaida. Basi, ni misuli.

Na usishangae kwamba mkojo ulirudi rangi yake siku ya pili wakati CK bado iko elfu sita. Mayoglobini inaondoka kwa saa chache tu, CK ndo inabaki nyuma kutoa ushahidi.

Sasa swali la pili, je ni dawa ndo ilifanya hivyo? Hapa nitakaa kidogo maana kuna mambo mengi yanasemwa mitandaoni.

Dawa za njozi zenyewe, wenyewe wanaziita saikedeliki, kwa maana ya LSD na silosibini ya kwenye uyoga na jamaa zao, kazi yake kubwa ni kushika vipokezi vya serotonini kwenye ubongo. LSD ilitengenezwa na mkemia Albert Hofmann kule Basel, Uswisi, mwaka 1938, na mwaka 1943 ndo akagundua mwenyewe inachofanya. Dozi yake ni ndogo ajabu, inahesabiwa kwa maikrogramu, mtu akinywa maikrogramu 100 kwenye damu yake unakuta nanogramu moja moja hivi kwa mililita. Hapo Basel hapo wamewapa LSD watu wazima wenye afya, chini ya uangalizi, kuanzia maikrogramu 25 mpaka 200, wakajumlisha watu 83 na dozi 131, wakapima damu kabla na baada, vipimo vya ini na figo havikubadilika. Presha ilipanda kidogo, mapigo, joto kidogo, mboni za macho zikatanuka. Ini lilikaa kimya. Silosibini nayo walipoipima vivyo hivyo haikuchokoza ini.

Halafu kuna kitu kimoja kizuri kuhusu silosibini. Ikiingia mwilini haifanyi kazi mpaka ikatwe fosfeti yake igeuke silosini, na anayekata ni alkalini fosfatazi, ndo hiyo hiyo ALP iliyoko kwenye karatasi yako. Nimeona watu wanaandika kwamba kwa hiyo uyoga "unachezea ALP". Hapana bwana, ALP inafanya kazi yake ya kila siku ya kukata fosfeti, haipandi wala haishuki kwa sababu hiyo.

Zamani pia kulikuwa na habari ya kolinesterazi, kimeng'enya kingine kinachopimwa kwenye damu. Mwaka 1955 watafiti Waingereza walionyesha kwamba LSD inazuia kolinesterazi ya kwenye majimaji ya damu ya binadamu, watu wakadhani wamepata siri ya njozi. Lakini hiyo ni ndani ya tyubu, kwa kiasi ambacho huwezi kukifikia kwenye damu ya mtu aliyelamba kikaratasi, na dawa nyingine za jamii hiyo hazizuii kolinesterazi kivile lakini njozi zinaleta. Hoja ikafa taratibu. Sisi hapa Tabora kolinesterazi tunaijua kwa jambo jingine kabisa, mtu anatoka Urambo au Kaliua kwenye tumbaku, amepulizia dawa ya wadudu bila kinga, analetwa anatoka mate na jasho, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, hapo ukipima kolinesterazi unakuta iko chini. Kwa hiyo ukiona imeshuka uliza kwanza habari za shambani.

Mwaka 1968 daktari Herbert Meltzer wa Marekani aliandika kwenye jarida la Science kwamba wagonjwa waliochanganyikiwa ghafla, wa aina mbalimbali, wanakuwa na CK na aldolazi, kimeng'enya kingine cha misuli, juu kwenye damu. Ilizua ubishi wa miaka. Je ni ugonjwa wa akili unaotoboa misuli, au ni zile purukushani, kufungwa, kutolala, na sindano za msuli walizochomwa? Sindano ya tako yenyewe inapandisha CK, siyo kwa maelfu kumi lakini inapandisha, hasa zile za kutuliza kama klopromazini. Mi naupenda huo ubishi kwa sababu ndo hali halisi ya mdogo wako: kabla ya kuilaumu dawa hesabu kwanza yaliyompata mwili.

Haya tuhesabu. Alikimbia mchangani usiku, kukimbia mchangani kunakula misuli hata ukiwa na akili zako. Alipigana. Alifungwa kamba mikono na miguu saa kama tano, na wewe umeandika alikuwa "anajinyonga nyonga mpaka kamba zikamla nyama". Hapo ndipo CK ilipotoka kwa kiasi kikubwa, dada. Mtu aliyefungwa ambaye hasikii maumivu wala hachoki anakaza misuli dhidi ya kitu kisichosogea, dakika baada ya dakika, na kamba yenyewe inakata damu isipite, misuli inakosa hewa, ikifunguliwa vyote vilivyooza mle vinamwagika kwa mkupuo. Kuna ripoti za kitabibu za watu waliotumia LSD wakapata kuvunjika huku kwa misuli, na ndani yake unakuta habari za kufungwa na kushikiliwa kwa nguvu. Ongeza joto la mwili, hakunywa maji, na huenda kulikuwa na bia, hujaniambia.

Silaumu waliomfunga, usiku ule pale ziwani angeingia majini tungekuwa tunaongea mengine. Ila ikitokea tena kwa yeyote, kamba iwe njia ya mwisho kabisa na ya dakika chache, mtu alazwe ubavu asilazwe kifudifudi wala mikono isifungwe mgongoni, ukelele na mwanga upunguzwe, maji ya baridi mwilini kama anawaka moto, apelekwe hospitali usiku huo huo. Kusubiri mpaka kupambazuke huenda nako kulichangia huo mkojo mweusi.

Lakini kuna neno moja kwenye ujumbe wako limenifanya nisimame: vichungu, na ulimi kufa ganzi. LSD haina ladha ya kusema. Kuna kemikali nyingine zinauzwa kwenye karatasi zile zile kwa jina la LSD, maarufu ni 25I-NBOMe na ndugu zake, zimesambaa miaka ya 2010 na kuendelea, hizo ndo chungu na zinatia ganzi, na lazima zikae chini ya ulimi au shavuni maana ukizimeza hazifanyi kitu. Siwezi kukuhakikishia kwa ladha tu kwamba ndizo, mtu akiniletea utamu na uchungu kama kipimo nitamfukuza maabara. Ila zikiwa ndizo stori inabadilika, kwa sababu hizo tofauti na LSD zinajulikana kwa kuleta degedege, joto kali, mtu kuwa mkali kupitiliza, CK kupanda sana, figo kufeli, na zimeua watu kwa dozi ambayo mtumiaji alidhani ni ya kawaida. LSD hata waliozidisha vibaya sana wanasimulika: kuna kisa cha San Francisco kilichoandikwa 1974, watu 8 walivuta unga wa LSD puani wakidhani ni kokeini, wakazimia, wakatapika, wakapandwa joto, damu ikawa haigandi vizuri, na wote 8 wakapona. Kwa NBOMe usitegemee bahati hiyo. Kwa hiyo mdogo wako amwambie daktari kila kitu, kichungu, viwili, saa ngapi, bila aibu, daktari siyo polisi.

Na wasichanganye hizi na ekstasi, yaani MDMA, wala ketamini, maana mitandaoni vyote vinawekwa kapu moja. MDMA ina tabia ya kuchemsha mwili, mtu anacheza muziki ukumbini joto linapita 40, misuli inayeyuka na ini nalo linaweza kuumia kweli kweli, hapo ALT ya maelfu nimeshaisoma kwenye ripoti. Ketamini kwa mtu anayeivuta kila siku inakwenda kuziba zile njia za nyongo, hapo ndo unaona ALP na GGT zinapanda, pamoja na kibofu kuharibika. Kwa hiyo swali la "dawa za njozi zinafanya nini kwenye vimeng'enya" halina jibu moja, uliza ipi, kiasi gani, na mtu alifanya nini akiwa nayo kichwani.

Tuje kwa baba. Mwambie kwa heshima zote kwamba karatasi ya CK siyo ushahidi wa madawa. CK ya elfu kumi na nne ningeweza kuipata kwa kijana aliyebeba mizigo bandarini Kibirizi siku nzima baada ya kukaa miezi bila kazi ngumu, kwa aliyepata degedege, aliyepigwa na shoti ya umeme, aliyepigwa fimbo na watu wenye hasira. Na vile vijiti vya mkojo vya kupimia madawa vinavyopatikana kwenye zahanati nyingi vinakamata bangi, heroini na jamii yake, kokeini, amfetamini, basi. LSD haimo, NBOMe haimo. Kikisema hasi hakijasema kitu. Wanaoweza kutambua kemikali yenyewe kwa mashine za kisawasawa ni Mkemia Mkuu wa Serikali, na hapo wanahitaji hicho kikaratasi kilichobaki au sampuli ya mapema, siyo mkojo wa wiki ya pili. Ila kama mnabaki na kikaratasi mjue pia kuwa nacho tu mfukoni ni kosa kwa sheria ya dawa za kulevya ya 2015, kwa hiyo baba apige hesabu zake vizuri kabla ya kutafuta ushahidi dhidi ya mtoto wake mwenyewe.

Uyoga sasa. Hapo wenzake wamenichekesha na kuniogopesha kwa pamoja. Ni kweli Tabora masika uyoga upo, ukipita barabara ya Sikonge akina mama wamepanga mabakuli, wa kwenye vichuguu, wa chini ya miombo, mtamu kuliko nyama. Huo ni uyoga wa mboga, hauna njozi yoyote. Anayekwenda msituni kutafuta wa njozi kwa picha ya kwenye simu anacheza na amatoksini, sumu inayoua ini. Kuna uyoga mdogo wa kahawia wa jamii ya Galerina ambao umeshafananishwa na wa njozi na umebeba sumu ile ile ya Amanita za kuua. Na jamii hiyo hiyo ya Amanita huku miombo ina wa kuliwa kabisa, akina mama wanaujua kwa shina, kwa harufu na kwa mahali ulipoota, elimu ambayo kijana wa Dar hana.

Hapo ndo utaona kimeng'enya cha ini chenyewe kinavyopanda. Mtu anakula, saa sita hadi kumi na mbili haoni kitu, kisha tumbo na kuhara kama kipindupindu, kesho yake anapata nafuu, familia inashukuru Mungu, anaomba hata uji. Siku hiyo ya nafuu ukipima ALT na AST ndo zinaanza kupaa, mamia, siku inayofuata maelfu, kwa sababu ile sumu inazima ule mtambo wa kunakili vinasaba ndani ya chembe za ini, zinakufa kimya kimya. CK hapo iko kawaida. Linganisha na karatasi yako dada, ni picha mbili zilizopeana mgongo. Kwa hiyo mtu akila uyoga wa msituni akaharisha baada ya saa nyingi kupita, apelekwe hata kama anasema amepona, na mabaki ya uyoga yaende naye, kwenye karatasi siyo mfuko wa nailoni maana vinaoza.

Watakaosema wa asili ni salama waambie na mnanaha, ule mmea wa datura, ni wa asili, unaota majalalani hapo hapo Ujiji, na anayetafuna mbegu zake anakauka mdomo, anawaka joto, anaongea na watu wasiokuwepo siku mbili, na akipambana na wanaomshika CK yake itafika huko huko ya mdogo wako ilipofika.

Nikwambie na hili la dozi ya kusafisha ini. Usinunue. Ini lake halijachafuka, na hizo chupa za mitishamba iliyochanganywa hujui kilichomo, zingine ndo zinapandisha ALT zenyewe halafu mtarudi kwangu mnasema ni vile vikaratasi. Zaidi sana wasimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya maumivu ya misuli, najua ndo kitu cha kwanza dukani mtu akisema mwili unauma, ila figo zake zimetoka 148 juzi tu, zinahitaji kupumzika. Amuulize daktari juu ya panado kwa kiasi cha kawaida. Maji ya kutosha, mkojo uwe mwingi na mweupe. Mpira wa jioni na kunyanyua vyuma asubiri mpaka CK irudi chini, na hata hapo aanze taratibu.

Arudie kipimo siku ya saba au ya nane tangu tukio: CK, AST, ALT, kreatinini, na potasiamu ambayo sijaiona kwenye karatasi zote mbili na kusema kweli ndo ilitakiwa ipimwe ya kwanza, maana misuli ikipasuka inamwaga potasiamu na potasiamu ikizidi inasimamisha moyo kabla hata figo haijalalamika. Kwa mwendo huu natarajia CK iwe imekaribia elfu moja na AST imeshaingia kawaida, ALT inaweza kubaki juu kidogo, isiwatishe. CK ikigoma kushuka au ikipanda tena wakati hajafanya kazi yoyote, hapo kuna kitu kingine, ama anaendelea kupewa sindano za msuli, ama anatumia tena, ama ana ugonjwa wa misuli wa kuzaliwa ambao ulikuwa umejificha. Mkojo ukipungua, miguu ikivimba, paja au mkono ukikaza kama ubao na vidole kufa ganzi, msingoje siku ya saba, nendeni hapo hapo.

Na kama sampuli itatumwa kwingine kwa basi, waambie wazungushe tyubu na kutenganisha yale maji ya juu kabla ya kusafirisha. Damu nzima ikisukwasukwa kwenye mashimo inafika imehemolaizi, yaani chembe nyekundu zimepasuka, nyekundu kama juisi ya rosela, na hapo potasiamu na AST zinapanda za uongo, sitaweza kukusomea chochote cha maana. Ukipata majibu piga picha karatasi yote, mpaka pale chini wanapoandika hali ya sampuli na saa iliyochukuliwa.